Gemu kukwama jioni: mtandao au mashine?
Kaka wa Kondele, Kisumu, umesema gemu hukwama jioni na kompyuta ni ya zamani, ramu (kumbukumbu ya kazi) GB 4. Usinunue kitu bado. Fungua CMD (dirisha la amri la Windows), andika ping -t 192.168.1.1 (anwani ya ruta nyingi), uiache ikienda ukicheza: ping hupima muda wa ujumbe kwenda na kurudi. Ikiruka kutoka 2 ms (milisekunde) hadi 150, mkosaji ni Wi-Fi, unganisha kompyuta na ruta kwa kebo. Ruta ikitulia, jaribu ping -t 8.8.8.8 (seva ya Google, nje ya nyumba): ikipanda, kuna anayepakua nyumbani au laini imejaa.

Zote zikitulia na picha bado inakatika, ni mashine. Vumbi likiziba feni, prosesa hujipunguzia kasi isiungue. Puliza, ukishikilia feni isizunguke. Ramu ifikishe GB 8, ila aina zake, DDR3 na DDR4, haziingiliani. Na seva ya gemu iliyo Ulaya haikupi ping ya 20 ukiwa Kisumu, hata ufanyeje.