Tangawizi na akupancha kwa maumivu ya hedhi

Pole sana, dada. Umeuliza kama tangawizi na akupancha (tiba ya kuchomwa sindano nyembamba mwilini) vinatuliza tumbo la hedhi. Tangawizi husaidia wengi, mradi uiwahi: prostaglandini, kemikali za mwili, ndizo zinazokaza mji wa mimba, na zikishapanda huenda ukawa umechelewa. Tumbo likianza tu kuvuta, koroga robo kijiko cha chai cha unga wake kwenye maji moto. Mara tatu kwa siku, siku tatu. Unameza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda? Basi acha tangawizi, si dawa.

Ushahidi wa akupancha ni hafifu zaidi. Ukienda, dai sindano mpya, pakiti ifunguliwe mbele yako. Nyumbani, badala ya sindano, pima vidole vinne juu ya kifundo cha ndani cha mguu, nyuma ya mfupa wa muundi, ubonyeze kwa dole gumba. Usifanye hivyo ukihisi una mimba.

Maumivu yakizidi kila mwezi, muone daktari wa wanawake.