Hisa 10 Nilizompa Mume Wangu

Juma lililopita dada mmoja wa mji wa Mississauga, Kanada, mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo) kama mimi, aliniandikia akiuliza iwapo anaweza kumgawia mumewe hisa katika kampuni anayotaka kuifungua. Swali lake lilinichoma, kwa sababu kosa hilo mimi nimelifanya.

Nilifungua kampuni yangu baada ya miaka mingi ya kuajiriwa. Hapa Ontario, jimbo la Kanada, sheria inaturuhusu wanataaluma kufanya kazi kwa mfumo wa kampuni tangu mwaka 2001, ila usajili wa serikali peke yake haukupi ruhusa ya kumgusa mgonjwa hata mmoja. Ni lazima kampuni ipate cheti cha idhini kutoka kwa chombo kinachotusimamia, ambacho kwa jina huitwa chuo ingawa hakina wanafunzi, na cheti hicho huhuishwa kila mwaka. Kanuni zinataka pia jina la kampuni libebe jina la ukoo la mwanahisa, na siku jina la marehemu baba yangu lilipotokea kwenye cheti kile, nililia kwa furaha.

Mwaka wa pili mhasibu wangu alinishauri nimpe mume wangu hisa 10 kati ya 100 ili kodi ipungue. Nilitia saini jioni kwenye meza ya jikoni, vyombo vya chakula havijaondolewa, bila kusoma. Fomu ya kuhuisha cheti ilipofika ilidai jina la kila mwanahisa pamoja na namba yake ya usajili katika taaluma. Mume wangu ni fundi umeme. Niliikodolea macho ile nafasi tupu mpaka chai ikapoa. Madaktari wa tiba na wa meno ndio walioruhusiwa, tangu mwaka 2006, kuwapa jamaa wa karibu hisa zisizo na haki ya kupiga kura katika maamuzi ya kampuni. Sisi hatumo, na mhasibu alituchanganya nao.

Nilikiri kwa maandishi na hisa zikarudishwa. Mhasibu alinitoza ada ya kusahihisha kosa lake mwenyewe, jambo linaloniuma hadi leo.

Ndugu zangu mnaotamani kujitegemea, someni kila karatasi kabla ya kutia saini. Wakurugenzi wote lazima wawe wanahisa, na katika taaluma yetu wanahisa wote lazima wawe wamesajiliwa na chombo chetu. Wala msidhani kampuni itawakinga: mgonjwa akilalamika utaitwa wewe kujieleza, na akidai fidia kwa kazi uliyoifanya vibaya, sheria inakuwajibisha wewe binafsi pamoja na kampuni. Someni, nasema tena.

Nawe dada, andika hisa zote kwa jina lako. Mumeo akitaka kukusaidia mapokezi, umwajiri kwa mshahara unaolingana na kazi anayoifanya.