Mnada mchana, maji ya moto usiku

Mhariri, juma hili mmeuliza ni hoteli gani iliyotupa zaidi ya tulicholipia, na hoteli za kwetu zingeiga nini kwake. Nadhani mtapata barua nyingi za Zanzibar, Diani na Dubai. Yangu inatoka Nagoya, Japani, kwenye jengo refu jembamba lisilo na bustani, bwawa la kuogelea wala mtu wa kukubebea begi. Ni tawi la Dormy Inn, jina utakalolikuta katika miji mingi ya nchi ile, aghalabu karibu na stesheni au katikati ya mji.

Mimi ni mtu wa magari. Tunayanunua Japani, tunayashusha Mombasa, na kwa kuwa Kenya haipokei gari lililopita miaka minane, kazi yenyewe ni kukimbizana na kalenda. Siku hizi mnada waweza kuufuata kwenye kompyuta ukiwa umekaa Mombasa na kikombe chako cha kahawa. Lakini karatasi ya mnada, ile inayoeleza hali ya gari, haikwambii kama gari linanuka mbwa, na kutu ya gari lililozunguka miaka kwenye barabara za theluji zinazomwagiwa chumvi ni bora uione kwa macho yako. Kwa hiyo mara moja moja huenda mwenyewe, na Nagoya ndipo mahali pake. Toyota wako mkoa huo huo wa Aichi, bandari ipo hapo hapo, na uwanja mkubwa wa minada wa kampuni ya USS uko Tokai, mji wa jirani. Siku ya mnada unashinda ndani, macho kwenye skrini, magari yanapita kila moja kwa sekunde chache tu, na jioni kichwa kinavuma.

Hoteli za aina hii, wenyewe wanaziita hoteli za biashara, zipo kwa ajili ya kichwa kinachovuma. Mwaka 1964 treni ya mwendo kasi ilianza kati ya Tokyo na Osaka, na Nagoya ikiwa njiani. Mfanyakazi anatumwa mji mwingine, anauza au anakagua, analala, kesho anarudi. Kampuni inampa posho ya kulala yenye kikomo, na hoteli hizi zimejipanga chini ya kikomo hicho. (Zipo zilizokuwa zikiuza chumba pamoja na kadi ya manunuzi ya yen 1,000, na risiti ikaandikwa jumla: kampuni inalipa, kadi inabaki mfukoni mwa aliyelala. Ujanja hauna kabila.)

Nilishalala katika hoteli nyingine za namna hiyo Japani. Safi, zimetulia, basi. Moja, siitaji, ilikuwa na moshi wa sigara uliokwisha kuingia hadi kwenye pazia, nikalala na shuka puani. Kwa hiyo nilipopokea kadi ya chumba pale Nagoya sikutegemea kingine zaidi ya kitanda na mlango unaofungika.

Chumba chenyewe kilikuwa mita za mraba kumi na kitu. Mswala uliingia kati ya kitanda na meza, ukabaki upana wa kiganja. Lakini angalia kilivyopangwa. Swichi zote ziko kichwani pa kitanda, taa unazima umelala. Soketi ziko hapo hapo (ni za pini mbili bapa, volti 100, basi wale wenye plagi zetu za pini tatu wabebe adapta). Jokofu ni tupu, maana yake uweke vyako. Hakuna chupa za kukutega kwa bei ya ajabu. Kuna birika la umeme, ndara, nguo za kulalia zilizokunjwa, dawa ya kupuliza kwenye suti iliyonuka moshi wa mgahawa. Mswaki, wembe na kitana unajichukulia chini mapokezi, kiasi unachohitaji. Hakuna anayekuletea, hakuna wa kumpa bakshishi, na hata ukitaka kuitoa haipokelewi.

Sasa choo. Naomba radhi kwa wanaosoma wakila, lakini siwezi kuandikia hoteli ya Japani nikakiruka. Sisi tuliolelewa na birika la kustanji tunajua taabu ya Ulaya: hoteli ya nyota nne, marumaru hadi kwenye dari, na bado unatafuta chupa ya maji uijaze kwa siri. Japani unakaa, unabonyeza kitufe, maji yanakuja, tena ya uvuguvugu, na nguvu yake unaipima mwenyewe. Kampuni ya Toto ilianza kuuza kiti chake hicho, Washlet, mwaka 1980, na leo kipo hata katika chumba cha mfanyabiashara wa posho ndogo. Wajapani si Waislamu, lakini katika jambo hili wanatuelewa kuliko majirani zetu wengi.

Bafu la chumbani lilikuwa la kusimama tu, na mwenzangu wa safari, kijana wa yadi moja ya magari ya Nairobi, aliona tumepunjwa. Sababu niliijua baadaye. Kampuni iliyo nyuma ya hoteli hizi, Kyoritsu Maintenance, ilianzishwa mwaka 1979 na ikajijengea jina kwa kuendesha mabweni ya wanafunzi na ya wafanyakazi wa makampuni. Hoteli zilifuata mwaka 1993. Ukishalijua hilo unaona mantiki ya nyumba nzima: bwenini watu huoga pamoja, na jikoni kuna mtu anayejua kwamba kijana akirudi usiku atakuwa na njaa.

Kwa hiyo kuna bafu kubwa la pamoja, moja la wanaume na moja la wanawake, na la wanawake hufunguliwa kwa namba ya siri. Ndani kuna dimbwi la maji ya moto, chumba cha sauna, na dimbwi jingine la maji baridi ya kumkatisha mtu pumzi. Matawi mengi hutumia maji ya chemchemi halisi. Sheria ya Japani ya mwaka 1948 inasema maji yatokayo ardhini yahesabiwe kuwa ya chemchemi ya moto yakifika nyuzi 25 yanapochomoza, au yakiwa na kiasi fulani cha madini yaliyotajwa. Nyuzi 25 ni maji ya bomba letu la Kisauni, Mombasa, wakati wa baridi! Basi mjini maji hayo hupashwa moto, na baadhi ya hoteli huletewa kwa malori ya tangi kutoka mbali. Sijali yametoka wapi. Nilikuwa nimesimama kwenye sakafu ya zege siku nzima.

Hapa pana suala ambalo msomaji wa pwani ameshaanza kuliuliza. Ndiyo, watu huoga uchi, wote, na nguo au taulo haziingii dimbwini. Kwanza unakaa kwenye kigoda, unajisugua kwa sabuni na kujisuuza hadi ung'ae, ndipo unaingia majini. Aliyechora tatoo kwa kawaida haruhusiwi. Mimi kuingia hivyo mbele ya watu sikuweza, na sikukusudia kujaribu. Kilichoniokoa ni televisheni ya chumbani. Ukibonyeza rimoti inakuonyesha kama bafu limejaa, lina watu wachache au liko wazi, na pia kama mashine za kufulia zina nafasi. Bafu hufunguliwa saa tisa alasiri na halifungwi hadi saa nne asubuhi ya pili. Ni sauna tu inayopumzishwa usiku wa manane. Nyumbani tuko nyuma yao kwa saa sita, usingizi wangu ulikuwa bado uko Mombasa, basi saa tisa za usiku nikatazama skrini: wazi. Nikashuka na taulo langu, nikawa na dimbwi zima peke yangu hadi karibu na alfajiri. Aliyeweka ile alama ya msongamano kwenye televisheni hakumfikiria Mwislamu wa Kisauni. Alimfikiria mtu asiyetaka kushuka ghorofa kumi akakute foleni. Lakini ndivyo ilivyo: ukimfikiria mgeni mmoja kwa makini, wengine kadhaa wananufaika humo humo.

Jioni, ukitoka kuoga, kuna friza ya aiskrimu za vijiti, bure. Asubuhi mahali pake panawekwa vichupa vya kinywaji cha maziwa yaliyochachuliwa, bure pia. Mashine za kufua nguo zilikuwa bure, za kukausha ndizo za kutumbukiza sarafu. Watu wazima, wenye suti, niliwaona wakichagua aiskrimu kwa umakini ambao sijauona hata mnadani.

Sasa tambi, na hapa nitasifu chakula ambacho sikukila. Kila usiku, kuanzia saa tatu na nusu hadi saa tano, chumba cha kulia hufunguliwa na kila mgeni hupewa bakuli la tambi za ramen katika mchuzi wa sosi ya soya, na vitunguu vya majani, mwani na vipande vya mianzi michanga juu. Bakuli ni dogo, nusu ya lile la mgahawani. Bei yake ni sifuri. Mchuzi wa tambi za Japani mara nyingi huwa na nguruwe ndani, basi mimi niliomba chai tu nikakaa na mwenzangu, ambaye ni Mkristo wa Machakos na hana kizuizi chochote. Alikula la kwanza kwa adabu, la pili kwa kelele, maana pale kuvuta tambi kwa sauti ni ruhusa. Lakini kilichonivutia ni chumba chenyewe. Wanaume na wanawake wa kila umri, wote wamevaa zile nguo za kulalia za hoteli, za rangi moja, nywele bado mbichi. Huwezi kumjua meneja na fundi. Kila mtu na bakuli lake, wengi peke yao, na hakuna aliyeonekana mpweke. Hoteli ilikuwa imekisia sawasawa: saa nne usiku mtu wa kazi hataki karamu wala menyu ya kurasa nane, anataka kitu cha moto kidogo kisha alale.

Kifungua kinywa kililipiwa kando, na nilikilipia kila siku bila kujuta. Kila tawi hujitahidi kuweka vyakula vya mkoa wake. Nagoya nilikuta tambi bapa za kishimen na mkate uliochomwa wenye rojo tamu la maharage mekundu, ambalo ndugu zangu wa pwani wangelipenda, sisi tunaotia sukari kwenye tambi. Samaki wa kuchoma, wali, mayai, mboga; mwenye kuchunga halali anashiba bila kuhangaika, akiuliza tu kuhusu michuzi. Maharage ya soya yaliyochachuka, natto, niliyajaribu kwa heshima ya wenyeji. Heshima imetosha.

Bei? Katikati ya wiki nililipa karibu yen 9,000 kwa usiku, chini kidogo ya shilingi elfu nane za kwetu. Siku hizi Japani imejaa watalii na bei za hoteli za biashara zimepanda, hasa Jumamosi, kwa hiyo anayetaka kwenda aangalie siku na siyo mji tu. Na achague chumba kisichovutwa sigara, aandike hivyo wakati wa kuweka nafasi. Wanandoa wenye masanduku manne wasiende kabisa kwenye vyumba hivi. Mmoja atalazimika kusimama kitandani mwenzake akifungua begi.

Kuhusu kuiga: mtu atasema kwetu ukarimu tunao, hatuhitaji kufunzwa na Mjapani. Kweli tunao. Lakini ukarimu wetu umebebwa na mtu. Akiwa zamu kijana mwenye moyo, unapata maji ya moto, unapata chapati hata jikoni kumefungwa. Akiwa zamu mwingine, unaambiwa mpishi ameenda. Pale Nagoya sikuzungumza na mtu wa hoteli hata dakika tano kwa siku, na bado kila saa niliyohitaji kitu nilikikuta kimeshawekwa. Tungekuwa na vyote viwili, nani angetushinda?

Sisemi tuchimbe chemchemi Moi Avenue. Nasema zile loji za katikati ya mji, zinazolaza mawakala wa forodha, madereva wa malori na wakaguzi wa benki, ziweke birika kwenye kila choo na swichi karibu na mto. Na kila usiku, saa tatu na nusu hadi saa tano, mwenye ufunguo wa chumba apewe bakuli dogo la mbaazi na mahamri mawili, bure. Wenye hoteli wataniuliza fedha zitoke wapi. Zitoke kwenye ile mito sita ya mapambo mnayotupangia kitandani, ambayo kila usiku tunaishusha sakafuni.