Jibu: Firefox imezima programu-jalizi isiyotiwa sahihi

Ndugu yangu wa Malindi, umesema Firefox, kivinjari chako, imekuzimia programu-jalizi (kijiprogramu cha kuiongezea kazi) uliyotengenezewa kwa ajili ya duka lako, ikaandika kuwa haikuweza kuthibitishwa, nawe wataka kujua pa kubofya ili iache ukaguzi. Pa kubofya papo, ila nisikilize kwanza, maana njia hiyo nimeipita.

Nina saiba ndogo, duka la intaneti, Langoni, hapa Lamu. Manahodha huja kuniuliza maji yajaa saa ngapi na yapwa saa ngapi. Jedwali la mtandaoni huandika 14:10, na mzee wangu mmoja hataki kusikia habari ya kumi na nne. Yeye ataka saa nane na dakika kumi. Mpwa wangu akaniandikia programu-jalizi ya mistari kama thelathini: ukifungua ukurasa ule, saa zote zageuka za Kiswahili. Siku za bamvua ilinipunguzia maswali kwelikweli.

Tuliipakia kupitia about:debugging, ukurasa wa watengenezaji ndani ya Firefox. Jioni nazima mashine, asubuhi haipo! Kumbe mlango ule ni wa kujaribia tu, ukifunga kivinjari yaondoka. Tukaifanya faili la .xpi, la kusakinishia, Firefox ikaikataa kwa kukosa sahihi, yaani muhuri wa kidijitali wa Mozilla, wenye Firefox. Tangu toleo la 48, mwaka 2016, Firefox ya kawaida haikubali kuzimiwa ukaguzi huo. Ukigeuza xpinstall.signatures.required kuwa false kwenye about:config, ukurasa wa mipangilio ya ndani, inasikia kwenye ESR (Firefox ya mashirika, isiyobadilika mara kwa mara), Developer Edition (ya watengenezaji) na Nightly (ya majaribio). Kwenye ya kawaida wageuza bure.

Basi nikaweka ESR, nikageuza. Wiki mbili, raha tupu. Siku moja bi mmoja akainuka kwenye mashine hiyo baada ya kuingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, akaketi kijana na flashi mkononi: "Ami, naweza kuweka kitu cha kushushia video?" Programu-jalizi iliyopewa ruhusa ya kurasa zote yaweza kusoma kila kinachoandikwa humo, nenosiri na yote. Nami kufuli nimelitoa kwa mkono wangu, kwa ajili ya saa za maji! Nilirudisha true kabla sijamjibu.

Sahihi yenyewe ni bure. Mwambie aliyekutengenezea afungue akaunti addons.mozilla.org, aipakie, achague kuisambaza mwenyewe. Hivyo haiorodheshwi hadharani. Mashine ya huko huikagua na kumrudishia .xpi yenye sahihi, ambayo Firefox ya kawaida yaipokea na haiondoki. Sisi mara ya kwanza tulikataliwa kwa upuuzi: mpwa alizipu folda badala ya vilivyomo, manifest.json, faili la maelezo yake, ikawa haionekani. Ya pili ilirudi angali na mahamri mdomoni. Na kila mkibadilisha kitu, mbadilishe namba ya toleo, la sivyo haipokelewi.

Kama uliyozimiwa ilitoka kwenye orodha ya Mozilla na ilikuwa ikifanya kazi, hapo ni habari nyingine: huenda Firefox yako ni kongwe. Cheti kimoja cha msingi kiliisha muda tarehe 14 Machi 2025, na matoleo yaliyo chini ya 128, au ESR chini ya 115.13, yakaathirika. Sasisha tu. Kompyuta ya Windows 7 haipiti ESR 115, lakini hiyo hiyo yatosha ikiwa ni 115.13 au zaidi.

Tuandikie namba ya toleo lako, na kama ni ESR useme.