Injini ya 3.0 na Sportomatic: inawezekana?

Ndiyo, inawezekana. Umeuliza kama gia ya Sportomatic (nusu otomatiki, haina pedali ya klachi) kwenye Porsche 911 ya zamani itahimili injini ya lita 3.0 ya 911 SC, toleo la baadaye. Mwaka 1967 Porsche wenyewe waliifunga kwenye 911 R yenye nguvu farasi 210 hivi, ikashinda mashindano ya saa 84 kule Nürburgring. Kwa hiyo hadithi kwamba ni gia ya wazee usiibebe sana.

Kazi yenyewe iko kwenye oili. Torki konvata, ile inayopitisha nguvu ya injini kwenda kwenye gia kwa oili, haina oili yake, inakula kutoka tangi lile lile la injini, kwa pampu inayozungushwa na kemshafti ya kushoto. Injini iliyotoka kwenye gari la gia ya kawaida haina pampu hiyo, wala mabomba yake, hivyo vitoe kwenye injini yako ya sasa kabla hujaiuza! Halafu hesabu boliti za nyuma ya krenki, zinazoshika sahani ya konvata: SC ina 9, za zamani zina 6. Hapo ndipo wengi hukwama, sahani ya konvata haikubali.

Vakyumu (mvuto wa hewa) ya kuachia klachi hutoka kwenye manifoldi ya kuingizia hewa, basi usisahau hozi yake.

Ukishamaliza, acha tabia ya kupumzisha mkono kwenye leva ya gia. Ina swichi ndani: ukiigusa kidogo tu klachi inaachia, injini inapiga kelele bure. Kwa nguvu hizo mpya, klachi ndiyo itakayoumia kwanza.