Barua ya kununua haki za mafuta Texas: usisaini kwanza

Dada, pole kwa kufiwa na mume. Hiyo barua ya kununua haki za mafuta alizokuachia Texas, yenye hundi ndani, iweke kabatini. Yangu nusura niisaini nikidhani nakodisha. Kumbe juu imeandikwa "Mineral Deed", yaani nauza moja kwa moja.

Anza kwa karani wa kaunti: umeshaandikishwa kuwa mrithi? Kisha tazama visima vinatoa kiasi gani kwenye tovuti ya Railroad Commission, tume ya Texas inayosimamia mafuta na gesi, ambayo licha ya jina haisimamii reli tena. Pata bei za wanunuzi watatu. Waweza kuuza nusu, nusu ikaendelea kukuletea mrabaha.

Tafuta pia tathmini ya thamani ya siku aliyofariki. Ukiuza, kodi ya faida huhesabiwa kuanzia thamani hiyo. Mkataba wenyewe asome wakili wa mafuta wa hukohuko.