Kilomita 82,000 za foleni? Mkuu, rudisha hiyo hela mfukoni kwanza

Usilipe. Kama ushatoa advansi, piga simu sasa hivi wakurudishie, halafu ndio uendelee kusoma.

Nimelisoma swali lako mara mbili. Upo Mtwara, umepata gari mbili za aina moja, zote otomatiki, zote namba D. Moja ipo Dar, km 82,000, "haijawahi kutoka mjini". Nyingine ipo hapahapa, km 164,000, mwenyewe anakwenda nayo Dar na kurudi kwa biashara zake. Zinapishana laki nane, ya Dar ndiyo ghali. Unauliza uchukue ipi, na mafuta itakula kiasi gani. Na hapo juu yangu kuna wadau watano wameshakuambia "kilomita ndogo, haina mjadala". Mjadala upo. Mimi ndio mjadala wenyewe, nimekaa nao pembeni ya barabara karibu na Mbwemkuru kuanzia saa nane mchana mpaka mbu wakaingia zamu.

Hela ya korosho ilikuwa imeingia, na unajua hela ya korosho ikiingia mtu anavyokuwa na akili nyingi za ghafla. Nikampigia shemeji yangu wa Dar, yeye akaniunganisha na dalali. Dalali akaniambia, nanukuu kwa sababu maneno haya nitakufa nayo: "Bosi, hii ilikuwa ya mama mmoja wa ofisini. Nyumbani kazini, kazini nyumbani. Haijawahi hata kuiona Chalinze." Km 71,000. Nikaona nimeokota dodo chini ya mwarobaini. Rangi inang'aa, viti vizima, injini imeoshwa kama sufuria ya siku ya Idi. Nikapiga picha nikamtumia mama watoto. Hakuna mtu aliyechomoa kijiti cha kupimia oili hata kimoja. Aina ya gari siitaji maana kosa halikuwa la gari.

Sasa tulia hapo kwenye "nyumbani kazini". Nilikuja kujua baadaye kwamba nyumbani ni Mbagala na kazini ni Posta. Kilomita 15 hivi, asubuhi unatumia lisaa limoja na nusu, jioni ukiwa na bahati mbaya masaa mawili. Mita inaandika 15 tu, basi. Lakini injini imewaka masaa mawili mazima, AC imewashwa, feni inazunguka muda wote maana upepo wa mbele haupo, na gia boksi kazi yake ni moja, mbili, simama, moja, mbili, simama, mpaka haidroliki, yaani mafuta ya ndani ya hiyo gia boksi, inaiva. Pale kwenye foleni gari imesimama, kilomita haiongezeki hata moja, ila chuma kinaendelea kuliwa. Mimi nilidhani nanunua gari iliyopumzika. Kumbe nanunua gari ambayo haijawahi kupumzika tangu ishuke melini.

Tukatoka Dar alfajiri, mimi na mdogo wangu, nyuma kuna friji ndogo, godoro na mabegi yasiyo na idadi. Daraja la Mkapa tukavuka tunaimba. Somanga tukala samaki. Tumepita Nangurukuru, Kiranjeranje ikabaki nyuma, nakanyaga kama mia na ishirini, AC baridi, najiona waziri. Kwenye kilima kimoja injini ikaanza kulia, mshale wa mizunguko ya injini unapanda mpaka elfu nne, ila mwendo unashuka: mia, themanini, sitini. Kama mtu anayepiga kelele bila kufanya kazi. Halafu harufu, ile ya ndala iliyodondokea jikoni. Mdogo wangu akasema labda ni watu wanachoma mashamba. Nikamkubalia! Nikaendelea kilomita tatu nyingine nikiwa namkubalia. Ndipo gia ya D ikafa. Nikaweka R, kimya. Nikaweka 2, kimya. Injini inaunguruma vizuri kabisa, gari haitaki kwenda popote.

Na hapo ndani ya kosa la kwanza nikazaa la pili. Ikapita Fuso, dereva muungwana, akasema tufunge kamba aivute mpaka Lindi, "wewe weka N tu, haina shida". Ina shida. Fundi wa Lindi alinieleza huku anatikisa kichwa: pampu inayosukuma haidroliki ndani ya gia boksi inaendeshwa na injini. Injini ikizimwa, pampu imelala, ila magurudumu yanayovuta yanaendelea kuzungusha vyuma vya ndani vikavu. Kilomita zaidi ya hamsini, vyuma vikavu. Alisema kama ningeipakia kwenye gari la kubebea, au angalau magurudumu ya mbele yangenyanyuliwa, pengine angefungua abadilishe sahani za klachi na mambo yaishe. Niliokoa hela ya kuibeba nikalipa gia boksi nzima.

Yule fundi alichomoa kijiti cha gia boksi, akakifuta kwenye kitambaa cheupe, akanionyesha bila kusema kitu. Haidroliki ikiwa bado nzuri, mara nyingi ni nyekundu na unaona kitambaa ng'ambo yake. Ya kwangu ilikuwa kama kahawa ya kibarazani, nzito, na ukigeuza kitambaa juani unaona vumbi linalometameta. Lile vumbi ni gia boksi yako inayoondoka kidogo kidogo. Akauliza, "Ilikuwa ya wapi?" Nikasema Dar, km 71,000. Akacheka, akaninamisha chini ya usukani akanionyesha pedeli ya breki. Mpira wake umelika, mistari imefutika upande mmoja, laini kama kisigino. Akasema, "Hesabu mwenyewe huu mguu umekanyaga hapa mara ngapi." Nilikuwa nimeiendesha siku nzima, mguu wangu juu ya ule mpira, sikuuona.

Gharama, ili wale watano wa hapo juu wazisome taratibu: gia boksi ya mtumba kutoka Dar 1,350,000. Kuisafirisha kwa basi 60,000. Ufundi 250,000. Haidroliki mpya 140,000. Fuso 180,000. Gesti Lindi siku sita 150,000. Jumla 2,130,000, na hapo sijahesabu chips mayai, wala aibu ya kuingia Mtwara kwa basi wakati nimeshapost picha ya funguo. Miezi minne mbele betri ikafa, feni ya rejeta ikafa, na mpira wa kushikilia injini ukakatika. Vyote vitoto vya foleni ileile: ukiwa umesimama na AC, taa na redio, betri inanyonywa kuliko inavyochajiwa.

Dalali nilimpigia. Akasema, "Bosi, mimi nilikwambia haijawahi kusafiri, sasa wewe umeisafirisha." Akakata. Shemeji naye kila Idi ananiuliza, "Gari inaendeleaje?" na tabasamu la mtu aliyekula kamisheni. Sina ushahidi. Ninayo macho tu.

Sisi watu wa Kusini tunamjua kangomba, yule mlanguzi wa korosho. Anakuja kabla ya msimu na bakuli lake, anakupimia korosho kwa macho, wewe una njaa unakubali, mizani ipo ghalani. Basi mita ya kilomita kwenye gari ya mjini ni bakuli la kangomba. Mizani ni MASAA. Usinunue kilomita, nunua masaa. Nitalisema hili mpaka modereta anifungie.

Chukua hizo gari zako mbili. Ya Dar: km 82,000. Mpe mwenye gari wastani wa kilomita 20 kwa saa, na hapo nakuwa mpole, maana wa Mbagala hafikishi hizo. 82,000 gawa kwa 20 ni masaa 4,100. Ya Mtwara: Dar mpaka hapa ni kama kilomita 560, mtu wa kawaida asiyekimbizana na basi anatumia masaa tisa na kusimama kula. Mpe wastani wa 60. 164,000 gawa kwa 60 ni masaa 2,733. Ile yenye kilomita mara mbili imefanya kazi theluthi mbili tu ya ile "mpya". Na masaa yake ni mazuri: injini imeshapata moto wake na kubaki hapohapo, gia imekaa ya juu kabisa bila kubadilika, upepo unapiga rejeta, breki zinaguswa kwenye matuta ya vijijini na kwa trafiki tu.

Hesabu hiyohiyo ifanye kwenye oili. Wanakubandikia kikaratasi "km 5,000 ijayo". Kwenye njia kuu km 5,000 ni kama masaa 80. Kwenye foleni ya kilomita 15 kwa saa ni masaa 333, kikaratasi kilekile. Sasa yule "mama wa ofisini" alikuwa anamwaga oili kwa kikaratasi, na haidroliki nina hakika hakuigusa milele, kwa sababu gari si "haisafiri"?

Kabla hamjanirukia: ndiyo, njia kuu nayo inakula gari. Matairi yanaisha, kioo cha mbele kinadonolewa na kokoto za malori ya makaa ya mawe, na barabara yetu tangu kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kikate ile sehemu ya Somanga, mnajua wenyewe mabushi na shokapu zimeona nini. Na kama huyo jamaa wa Mtwara ni wa kutembea 140, gari imebeba mzigo, futa hesabu zangu zote. Lakini shokapu, bushi na bearing za magurudumu ni vitu vya laki laki, unavibadilisha Mtwara hapa mchana mmoja unakunywa soda. Gia boksi sio kitu cha soda.

Na usijidanganye kwamba Mtwara hatuna foleni kwa hiyo tumepona. Shangani mpaka sokoni, unawasha, dakika saba, unazima. Injini haijapata moto sawasawa, unyevu na petroli isiyoungua vinabaki kwenye oili. Ukifanya hivyo mara sita kwa siku, umejitengenezea Mbagala yako ndogo, na chumvi ya bahari juu yake. Mimi sasa hivi Jumapili naipeleka gari mpaka Mingoyo na kurudi. Mama watoto anadhani nina mtu Mingoyo. Hapana, naichoma tu moto vizuri. Oili namwaga kila baada ya miezi minne hata kama kikaratasi kinaniambia bado.

Mafuta uliuliza pia: gari ileile ikiwa foleni inakula zaidi kuliko njia kuu, sababu ni hiyohiyo, inawaka bila kwenda. Umeona? Kila kitu ni masaa.

Kesho nenda kaione ya Mtwara. Nenda asubuhi kabla mwenyewe hajaiwasha, na tishu nyeupe mfukoni. Kwanza angalia mpira wa pedeli ya breki na usukani. Kisha iwashe, iache ipate moto, weka P, chomoa kijiti cha gia boksi, futa kwenye tishu, uinuse. Nyekundu au hudhurungi nyepesi isiyonuka, ongea bei. Nyeusi inayonuka ndala, mwambie unaenda kuswali, usirudi. Ikipita hapo, iendeshe mpaka Mikindani na kurudi, usikilize chini kwenye mashimo, na kwenye kilima uangalie mshale wa mizunguko kama unapanda peke yake bila mwendo kuongezeka.

Ya Dar, usipoteze nauli kwenda kuiona kwanza. Mpigie mwenyewe, sio dalali, umuulize kwa upole kama vile unamjulia hali: "Dada, unatokaga nyumbani saa ngapi ili saa mbili uwe kazini?" Akikuambia kumi na moja na nusu, mshukuru.